Mama Alikuwa Akinijibu

Kabla ya majuma yale ya risasi nilikuwa mtu wa kufunga mlango na kwenda zangu. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi iliyo chini ya kilima chetu, hapa Nyalukemba, na nilikuwa naishi na mama yangu katika nyumba ndogo ya mbao. Mama alikuwa anatembea kwa shida tangu alipoanguka akavunjika nyonga. Asubuhi niliwasha makaa kwenye mbabula, nikachemsha chai, nikamjazia termosi, nikafunga kufuli kwa nje na kushuka. Tulikuwa tumekubaliana hivyo. Mlango wetu haukuwa na komeo la ndani, na mama hakutaka mtu asiyemjua aingie amkute kitandani.

Kisha bunduki zikaingia mjini. Habari za vita sitazieleza, kila mtu wa hapa ana zake. Siku tulipothubutu tena kutoka nje, nilikuta mlango wa jirani yangu wa upande wa juu umelala chini na ndani hakuna hata sufuria. Mwenyewe, mjane anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, sokoni, alikuwa ameketi kwenye kizingiti. Hakulia. Aliniambia tu, "Sikumbuki kama nilifunga." Nikampa pole, naye akalirudia neno lile lile kana kwamba hakunisikia.

Shule zilipofunguliwa tena, nilifunga kufuli, nikalivuta, nikashika njia. Sikufika mbali. Je, nililivuta kweli, au lile la kulivuta lilikuwa la jana? Mkono ulikumbuka chuma, kichwa kikakataa ushahidi wa mkono. Nikarudi nikalivuta tena, nikasikia raha, na kabla sijafika kwenye kona ile raha ilikuwa imekwisha.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Baada ya muda kuvuta hakukutosha, ikabidi nilifungue kufuli na kulifunga upya ili nisikie likibana. Nikianza kushuka nilimwona mama akilini akiwa peke yake na mlango ukiwa wazi, nikaona na watu wakiingia, wazi kabisa. Nikirudi nilijifanya nimesahau mwavuli, au madaftari ya wanafunzi. Maman directrice, mkuu wetu wa shule, aliacha kuniuliza kwa nini nachelewa. Alinitazama tu, akadhani nina msiba ambao sijausema.

Nilijua kwamba mlango umefungwa. Hilo ndilo sikuweza kumweleza mtu. Nilijua, na bado miguu ilirudi.

Mvua kubwa ilinyesha siku moja nikiwa darasani. Bati zilipiga kelele hata watoto hawakunisikia, nikawaambia wachore. Mlio mzito ukashuka kutoka juu, si radi, na mwalimu mwenzangu akaja mlangoni akasema kwamba ukuta wa kuzuia udongo kilimani umeanguka upande wa nyumba yetu. Nilimwachia darasa nikakimbia.

Njia ilikuwa imegeuka mto. Nilipofika, udongo ulikuwa umeisukuma nyumba yetu kwa nyuma na bati la jikoni limekunjamana. Mlango ulikuwa umesimama vilevile, umefungwa imara kama nilivyoutaka. Nikatia ufunguo kwenye kufuli, nikauzungusha. Ukazunguka kwa ulaini usio wa kawaida, na mkononi nikabaki na kipande. Kingine kilikuwa kimekatikia ndani.

Nilikitazama kile kipande. Sijui ni kwa muda gani. Mvua ilinipiga, matope yalinifika kwenye mashavu ya miguu, na akili yangu ilikuwa imesimama pale pale: mlango umefungwa, mama yuko ndani, umefungwa. Kila nilichokuwa nakiomba asubuhi zote zile kilikuwa mbele yangu, na kilikuwa kinamuua mama yangu. Nilimwita. Sikusikia jibu. Nikaanza kupiga mbao kwa ngumi, na nadhani nilipiga hata baada ya ngozi kuchunika, kwa maana maumivu niliyasikia jioni.

Aliyenishika mabega na kunisogeza alikuwa seremala anayekaa karibu nasi, mzee mtaratibu ambaye tulikuwa tunasalimiana tu. Alikuja na mtaimbo. Hakugusa kufuli, aliingiza chuma chini ya pete iliyolishika, akaegemea kwa uzito wake wote, na mbao ikapasuka. Mlango ukafunguka kwa kukwaruza.

Mama alikuwa ameketi kitandani, miguu ameipandisha, rozari imemzunguka kidole. Matope yalipita chini ya kitanda yakibeba kandambili zangu. Alinitazama, akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Umefika. Unisaidie nishuke."

Seremala alimbeba mgongoni hadi kwake. Mke wake alimfunika kwa kikwembe kikavu, akatupa chai. Nilikuwa natazama mlango wao, na hata pale, mama akiwa mzima mbele yangu, kitu ndani yangu kilitaka kujua kama ule mlango umefungwa. Hilo lilinitisha kuliko matope.

Seremala alikuwa amebeba lile kufuli. Aligeuza kipande cha ufunguo mwangani akaniambia kwamba chuma kimelika kwa kuzungushwa, kama jino la mzee.

"Mwalimu," akasema polepole, "kila asubuhi tunasikiaka ile kadena yako. Hatukujua tukuambie nini."

Kumbe kilima kizima kilikuwa kinasikia kufuli langu. Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo mama, ambaye nilidhani amesinzia, akafungua macho.

"Mimi nilikuwa nakujibu," akasema. "Kila ukivuta nilisemaka, iko imefungwa, mutoto yangu, enda. Hukusikia. Ulikuwa unavuta kwa nguvu sana."

Nimesikia mabomu katika mji huu, na sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka kwa maneno hayo. Ubao mwembamba tu ulikuwa kati yetu. Asubuhi zote hizo mama alikuwa ananipa jibu, na mimi nilikuwa naliuliza kufuli.

Juma lililofuata nilikwenda kituo cha afya kufungwa vidonda vya mikono, na muuguzi, alipojua nimeumiaje, akanipeleka kwa mwenzake ambaye kazi yake ni kusikiliza watu. Nilitegemea aniambie nina wazimu au nikaombewe. Aliniambia kwamba anawaona wengi, tena wengi zaidi tangu vita: anayehesabu watoto wake wakiwa usingizini, anayewapigia simu ndugu mpaka wanaacha kupokea. Nilishangaa kusikia kwamba jambo langu lina watu wake. Akanieleza kwamba hofu hupanda ikashuka yenyewe nisipoilisha, na kwamba kila nikirudi mlangoni naipa chakula.

"Usishindane nayo," akasema. "Iache ikusumbue, lakini miguu isigeuke."

Nyumba ilipotengenezwa, seremala alitia komeo la ndani, chini, mahali ambapo mama anafika kwa mkono. Sasa anajifungia mwenyewe na kusema, "Imefungwa," nami naitika naenda. Siku za kwanza nilifika kwenye kona nikitokwa na jasho, nikashika mti, watu wakidhani ninaumwa tumbo. Hofu ilishuka. Ilichukua muda mrefu, lakini ilishuka. Asubuhi nyingine nilishindwa nikarudi, na mama hakunigombeza. Kutoka ndani aliniambia tu kwamba nimechelewa shule.

Wakati wa likizo tulipata gari la kwenda Nyangezi kumsalimia mdogo wake mama, safari ya kwanza ya mama tangu nyonga ilipovunjika. Nyumba tuliiacha mikononi mwa mke wa seremala. Gari lilipotoka mjini kifua kilinibana, mikono ikaanza kutafuta kitu cha kuvuta. Nikamwambia mama, kwa mara ya kwanza bila kusingizia kitu, kwamba nataka kurudi.

Akanikamata mkono akauweka mapajani mwake. Alikuwa anatazama mashamba ya mihogo nje, akauliza kama yale ni maharage yanayochanua kando ya mihogo. Nikainama dirishani kuangalia. Yalikuwa maharage, na gari lilikuwa linaendelea kwenda mbele.