Kitambaa Chekundu Mbele ya Ziwa

Miye Floribert nilikuwa na kazi ya kushika muti. Usicheke, ilikuwa kazi ya serikali. Miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, Bukavu ilikuwa inajengwa mbio, na Bwana Camille, muzungu wa plani ya muji, aliogopa kitu kimoja tu: nyumba zitaficha ziwa. Basi yeye anakaa kwenye barza ya cercle, ile nyumba ya wazungu ya kunywea bière, na miye ninashuka kwenye parseli, kiwanja cha mutu anayetaka kujenga, na bambu ndefu yenye kitambaa chekundu juu. Ninaiinua kufika urefu wa paa mwenyewe anayotaka. Kitambaa kikifunika maji machoni pa Bwana Camille, parseli inakatazwa. Watu walinichukia. Miye nikavaa kasketi yangu na kutembea sawa gavana.

Lakini huyo gavana hakuwa na nyumba. Tulipanga chumba kule Kadutu, na muke wangu Euphrasie alikuwa amechoka kabisa. Baba yake, muzee Télesphore wa Kabare, alisema wazi: "Asipojenga, mutoto wangu anarudi kwangu." Basi nilipopewa parseli chini ya ile barza, nilifurahi mpaka chakula kikanishinda. Ilibaki kupima tu, na mwenye kushika muti ni nani? Nyumba yangu ilikuwa ya chini. Kitambaa kingebaki kwenye majani na maneno yangeisha.

Siku ile ya kupima muzee akashuka toka Kabare na Euphrasie, kuangalia kazi ya mukwe wake. Akaniangalia na bambu yangu, akasema majirani wakisikia: "Ni hii tu wanakulipia?"

Kichwa kikanivimba. Nikapanda juu ya jiwe, nikanyosha mikono, nikasimama kwa vidole vya miguu, bambu ikaenda juu kabisa. Wamama wakapiga vigelegele. Haki ya Mungu, nilisikia raha, mupumbavu miye.

Kule juu kwenye barza, Bwana Camille akaona kitambaa kimefunika maji, akaandika.

Nilipanda mbio kumueleza kwamba nyumba yangu itakuwa fupi, ile ilikuwa majivuno tu mbele ya baba ya muke. Akanijibu kwa upole: "Floribert, tangu tuanze kazi muti wako haujanidanganya. Hapa hapajengwi."

Muzee hakucheka hata. Afazali angecheka. Euphrasie akakaza kikwembe chake, akamufuata baba yake, na miye nikabaki na haya mpaka kwenye mifupa. Euphrasie aliniambia tu, "Siku utapata fasi ya kujenga wazungu hawaangalii, uniite."

Nilitafuta. Bukavu ya wakati ule, kila kilima kilikuwa mbele ya barza ya muzungu fulani. Mwisho nikajenga kwenye bonde, nyuma ya nyumba za wengine, nikamuita. Akakuja. Dirisha letu linaangalia choo cha jirani, na Bwana Camille hakunituma hata siku moja nichunge uzuri ule.