Mkwe, Mimi na Teksi ya Jamaika

Mwanangu, nasikia wewe na mkeo mnakwenda kutembea visiwa vya Karibi. Nendeni, mnastahili. Lakini kaa kidogo nikwambie jambo la teksi za huko, maana mimi zilinitoa jasho mbele ya mtu ambaye sikutaka kabisa anione natoka jasho.

Nakumbuka wakati huo nilikuwa kijana bado, naishi Stafford, kule Texas, Marekani, na naendesha teksi mjini Houston. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Mombasa kutusalimia. Kusalimia ni neno la adabu tu. Alikuja kunipima, kama wakwe wote. Nami nikataka kujionyesha. Nikamchukua yeye, mke wangu na mtoto wetu Salma, tukapanda meli ya matembezi kwenye bandari ya Galveston kwenda Jamaika.

Tulipofika, mtoto alikuwa amechafukwa na moyo kwa mawimbi, mke wangu akabaki naye melini. Mama alitaka kuona soko. Basi tukashuka sisi wawili, mtu na mkwewe, kila mmoja akimwonea haya mwenzake. Nikafungua mlango wa teksi ya kwanza niliyoiona, nikamkaribisha Mama kiti cha nyuma, nikakaa mbele, tukaondoka.

Sikuuliza bei. Mimi, dereva wa teksi. Houston mita ya kuhesabu nauli ndiyo inayosema, dereva na abiria wananyamaza. Gari lile halikuwa na mita, na hilo nililiona mapema, lakini kuuliza bei mbele ya mkwe nikaona ni ubahili. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tulipofika sokoni yule dereva, mtu mcheshi kweli, akataja nauli ya kila kichwa, tena kwa dola za Kimarekani, si zile za Jamaika zilizo rahisi. Nikalipa huku natabasamu. Mfukoni zikabaki noti chache ambazo kwa bei ile zisingeturudisha hata nusu ya njia, na meli ilikuwa ing'oe nanga alasiri ileile.

Mama akazunguka sokoni kwa raha zake, akinusa tangawizi, akigonga nazi kwa kucha. Mimi nilikuwa nyuma yake, roho juu. Mwisho nikaona heri aibu kuliko kuachwa na meli.

"Mama," nikamwambia, "sina nauli ya kurudia."

Akanitazama. "Baba Salma, yule mtu mbona hukumuuliza bei?"

"Niliona haya, Mama. Nilichelea utaniona bahili."

"Mimi nimeuza nazi soko la Kongowea tangu sijaolewa. Anayenunua bila kuuliza simheshimu, namwongezea bei." Akanyoosha kidevu kuelekea wanawake waliokuwa wakipakia vikapu kwenye gari kuukuu. "Wale wanakwenda wapi? Kawaulize. Na bei uiulize mlango ukiwa wazi, hujakaa."

Nikauliza. Lilikuwa gari la wenyeji, linapita karibu na bandari, na kwa nauli yake zile noti zangu zilitosha. Tukarudi na mafungu ya viazi vikuu mapajani, Mama akicheka na wanawake ambao hawakujua hata neno lake moja.

Tulipofika kwenye ngazi ya meli akasimama. "Asubuhi nilipokuona unalipa bila kuuliza, niliogopa. Nikasema, binti yangu atakula nini kwa mtu huyu? Sasa sina wasiwasi. Aliyeweza kumwambia mkwewe 'sina' hatamficha mkewe."

Mwanangu, nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yangu, na hilo tafadhali usilifikishe kwa mke wangu.

Basi shika haya. Kabla hujaketi, uliza nauli ni kiasi gani, ni ya gari zima au ya kila kichwa, na ni dola za nchi gani. Kuuliza si ujinga. Na nyumbani pia, siku mfuko ukiwa mtupu, mwambie mkeo wewe mwenyewe, asije akaambiwa na mwenye duka. Heshima unayoinunua kwa kunyamaza ni ghali, na haikai.

Mungu awafikishe salama na awarudishe salama, awape riziki ya halali, na asiwatie haya ya kuambiana kweli.