Kufuli Mbili za Ha Mothebe

Nyumba ya bintiye ilikuwa na hita kila chumba, na Mama Nthatuoa, muuguzi mstaafu, hakuwa na kazi mjini Maseru ila kula na kulala. Lakini usingizi ulimpaa. Kijijini kwao milimani, Ha Mothebe, kanisa lilikuwa limefungwa tangu mavuno. Wazee wawili, Lekhooana na Sekhonyana, waligombea uongozi, kila mmoja akatia kufuli yake mlangoni. Juzi hapo kitoto kichanga kilizikwa bila hata wimbo.

Akampigia simu Lekhooana.

"Dada, wewe unaota moto wa umeme huko," mzee akamjibu. "Utatufundisha nini sisi tunaotetemeka? Kula, ulale."

Neno lile lilimchoma, maana halikuwa uongo.

"Achana nao, mama," Limpho, bintiye, akamwambia. "Hapa kanisa lipo, tena viti vina sponji."

"Sponji hiyo ndiyo inayonichoma, mwanangu."

Theluji ikiwa bado milimani, akajitanda blanketi lake zito, akapanda basi. Alipofika, wazee wote wawili walikuja mbio kumkaribisha, kila mmoja kwake.

"Nikiingia kwa mmoja, mtasema nimechagua," akasema, akaketi kwenye kizingiti cha kanisa. "Nitakaa hapa."

Baridi ilikuwa inatafuna mifupa. Mke wa Lekhooana akaleta uji mchachu. Mke wa Sekhonyana naye akaleta wake. Mama Nthatuoa akaukataa uji wa wote wawili.

"Nipikieni chungu kimoja."

Wanawake wale hawakuwa wamesalimiana kwa miezi. Wakatazamana.

"Kuni unazo?" mmoja akauliza.

"Zimelowa mvua."

"Lete hizohizo."

Uji ulipoiva, Lekhooana akaona haya, akafungua kufuli yake. Sekhonyana akakunja mikono. "Yangu haitoki mpaka aniombe radhi mbele ya watu."

"Nikuombe radhi mimi?" Lekhooana akairudisha yake, akaifunga kwa kishindo.

Mama Nthatuoa alitamani kuwatandika bakora wote wawili. Alitoka kwenye joto lake kuja kutazama wazee wakichezea vyuma!

Jumapili wanawake waliimba nje, upepo ukiwapokonya sauti. Mama wa yule mtoto alikuwapo. Wakamwombea, wakaenda naye kaburini. Wazee wale wawili walisimama mbali, penye zizi, kila mmoja na ufunguo wake mfukoni.

Jioni Limpho akapiga simu. "Nije kukuchukua?"

"Bado. Niletee blanketi la pili."