Mbao Mbichi za Fundi Futi

Shemeji yangu, mume wa dada, ni seremala. Mtaa unamwita Futi, maana hata chai akimiminiwa huitazama kama anataka kuipima. Hununua mbao nene zikiwa mbichi, akazipanga nyuma ya karakana na vijiti katikati upepo upite, akasubiri miaka miwili zikauke. Ndiyo maana milango ya makabati yake haipindi.

Mwaka huu tumbo lilimjaa maji. Hospitali wakasema ini limejaa makovu, kisa pombe. Akaiacha siku hiyohiyo. Mwezi wa tatu tangu aache akanipigia simu: "Shemeji, njoo na lori. Nauza mbao zote."

Mimi ni mtu wa kununua na kuuza. Nilifika kabla chai yake haijapoa.

"Bei gani?"

"Sema wewe."

Hapo nikashtuka. Futi kuniachia mimi bei!

"Kwa nini usingoje zikauke?"

"Zikauke azikate nani? Daktari kasema miaka miwili. Mbao nazo miaka miwili. Nimeshapima."

"Alisema ni wewe, au alisema wagonjwa kwa jumla?"

"Miwili ni miwili."

Dada akachungulia mlangoni. "Kaka, mwambie wewe. Mimi kaninunia wiki nzima."

"Yaani wewe," nikamwambia Futi, "msumari mmoja unaubishia bei nusu saa, halafu maisha yako umekubali bei ya kwanza? Panda gari."

Daktari, mama mmoja mwenye miwani, alitusikiliza hadi mwisho. "Nilisema wagonjwa waliofikia kujaa maji, karibu nusu hawavuki miaka miwili. Humo wamo walioendelea kunywa. Wewe umeacha, maji yanapungua, na vipimo vya damu vinaanza kukaa sawa."

"Kwa hiyo mingapi?" Futi akauliza.

"Sikupi namba ukaikate kama ubao. Wapo walioacha pombe, ini likatulia, wakaishi miaka mingi. Wapo wasiobahatika. Makovu yenyewe sikuahidi kuyafuta. Punguza chumvi, meza dawa, na kila miezi sita uje tulipige ini picha, saratani ikianza tuiwahi."

"Na akionja kidogo tu, kwenye sherehe?" nikauliza mimi.

"Hata kidogo. Akirudia kunywa, hiyo miwili anaweza asiione."

Tuliporudi nyumbani Futi alipitiliza hadi nyuma ya karakana, akaanza kugeuza mbao moja moja, akipumzika kila baada ya tatu. Nikafungua bodi ya lori.

"Tupakie?"

"Upakie nini? Rudi zikikauka. Na bei ya mbao kavu unaijua."

"Na mafuta niliyochoma?"

"Kumbe hukuja kuniona mgonjwa, shemeji?"

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka sana. Lori lilikuwa tupu. Nikaagiza meza ya mbao zilezile, na arubuni nikatoa palepale, mimi ambaye situmi hela mahali nisipotarajia mzigo. Futi akaitazama hiyo arubuni, akasema haitoshi.