Hakuna Cherehani ya Mtu

Kijana anayeongoza kitengo chetu ameniandikia tena kwamba ule mstari wangu niuondoe. Ni mstari mmoja tu katika programu, unaoiambia kompyuta: uzi huu ufanye kazi kwenye kiini hiki, usiuhamishe. Yeye anasema kompyuta inajua yenyewe kugawa kazi. Uzi wowote uende kwenye kiini chochote kilicho wazi, ndiyo haki, ndiyo kisasa. Nilisoma ujumbe wake nikasonya peke yangu. Mimi nimeshastaafu, wananiita kwa mkataba tu, na maneno hayo niliyasikia Mbeya miaka ya sabini, kabla sijajua kompyuta ni mnyama gani. Yaliniudhi vilevile.

Kwa asiyejua: programu moja hugawanywa katika kazi ndogondogo zinazokwenda sambamba, na kila moja tunaiita uzi. Kompyuta nayo ina viini kadhaa vya kuzifanya kazi hizo, kama karakana yenye cherehani kadhaa. Kila kiini kina kumbukumbu yake ndogo ya karibu. Uzi ukikaa palepale unakuta vitu vyake viko mkononi, ukihamishwa unafika ugenini, vitu vimebaki kule ulikotoka, unaanza kuviokota upya. Kompyuta hailalamiki. Inachelewa tu, halafu watu wanailaumu programu.

Karakana yetu ya ushonaji huko Mbeya ilikuwa ya ushirika, pale Iyunga, kando ya barabara kuu. Nilitoka nyumbani Igowole nikafikia kwa shangazi. Mguu wangu wa kulia ni mfupi tangu utotoni, na nyumbani walishakata shauri kwamba shambani sifai, kwa hiyo kushona ndiko kulikokuwa kumebaki. Nilipokelewa kwa majaribio. Msimu ukiisha, ukionekana unatosha, unakuwa mwanachama na fundi kamili. Usipotosha unapelekwa kwenye vifungo, yaani benchi la nyuma, kuwashonea wenzako vifungo kwa mkono. Aliyepelekwa kule sikuwahi kumwona akirudi mbele.

Cherehani zote zilikuwa za miguu, na kanyagio linataka nyayo mbili. Wangu mmoja haukulifikia. Baba alipokuja kunitembelea alisimama akaniangalia ninavyohangaika, akaondoka. Alirudi na kibao cha msonobari alichokichonga mwenyewe, akakipigilia misumari upande wa kulia wa kanyagio la cherehani ya dirishani. Mguu ukafika. Cherehani ile nikaizoea mpaka vijitabia vyake: uzi ulitaka kukazwa zaidi kidogo kuliko kwenye nyingine, na kwenye kaki nzito ukiiharakisha iliruka mishono. Nilishona kaptula kwa kasi ya wenzangu, na wengine niliwapita. Kwa mara ya kwanza maishani hakuna aliyenionea huruma, nami nilifurahi sana.

Ndipo akaja katibu mpya, ametoka semina Iringa. Alitusalimia "Kamwene!" kwa sauti ya mkutano ingawa tulikuwa wachache tu, tukaitikia kila mtu kwa kabila lake. Kisha akatangaza.

"Ndugu zangu, kuanzia leo hapa hakuna cherehani ya mtu. Cherehani ni ya ushirika. Anayewahi anakaa palipo wazi."

Sitamwonea. Alikuwa na sababu moja nzuri: mtu akiugua malaria, cherehani yake ilikaa bure wiki nzima na hakuna aliyeigusa. Hata leo sisemi kila uzi ufungwe. Ukizifunga zote ovyo, kiini kimoja kinalemewa na cha jirani kinapiga miayo. Lakini kutoka hapo hadi kusema cherehani zote ni sawa na watu wote ni sawa, ni safari ndefu, na katibu aliikata kwa hatua moja.

Mimi wa kuwahi? Nilijaribu. Nilitoka kwa shangazi ukungu bado umelala barabarani, na huko njiani wenzangu walinipita mmoja mmoja. Kila aliyenipita alinisalimia kwa adabu, "Ugonile, dada!" na kuongeza mwendo. Nikifika, iliyobaki ni cherehani ya mlangoni, kanyagio zito, na kila lori la Zambia likipita linatumwagia vumbi juu ya kitambaa. Dirishani amekaa mama mmoja wa Kinyakyusa, mtu mwema kabisa, na kibao changu kiko sakafuni.

"Aa, mdogo wangu," aliniambia, "hiki kibao inanipiga kisigino. Nimekitoa tu, sio kwa ubaya."

Hakuwa na ubaya. Naye alikuwa na cherehani aliyoizoea, ya karibu na kabati, na sasa alikuwa akihangaika na hii yangu inayomrukia mishono. Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Huyu anakaza uzi uliolegezwa na yule wa jana, yule analegeza uliokazwa, sindano zinakatika, na sindano wakati huo hazikuwa kitu cha kuingia dukani ukapata. Katibu alipita katikati yetu mikono mgongoni, akituhimiza tuongeze bidii. Ilinichoma kuona kwamba sote tulikuwa tukitoa jasho na kaptula zinapungua.

Siku moja maji yalinifika shingoni, nikaenda mezani kwake.

"Ndugu katibu, naomba kurudishiwa cherehani yangu."

Nilijua nimeshateleza.

"Yako? Umeinunua lini?"

"Ile ya dirishani. Yenye kibao."

"Dada, ubepari unaanza hivyohivyo. Leo cherehani yangu, kesho karakana yangu." Akawageukia wenzangu kama anawafundisha. "Mchagua jembe si mkulima."

"Hata jembe, ndugu katibu, mpini wake haubadilishwi kila asubuhi."

Wawili watatu walicheka, kisha wakainamia kazi zao. Kuanzia siku ile jina langu pale likawa Bepari. Mimi, bepari, ambaye hata viatu vyangu viwili havikuwa vya jozi moja.

Msimu ulikuwa unakaribia kwisha, na tulikuwa tunakimbizana na sare za shule moja ya bweni ya Iringa, ulipotokea msiba mtaani. Wengi walikwenda kuzika. Nilipofika, dirishani palikuwa wazi. Nilikitafuta kibao nikakikuta chini ya meza, kimejaa vumbi la chaki, nikakipigilia kwa jiwe. Nikakaa. Sikuhitaji kufikiri chochote. Mguu ulifika, mkono uliujua uzi, na kaki ilipita chini ya sindano moja kwa moja bila kuruka mshono hata mmoja. Niliimba. Jioni rundo langu lilikuwa limezidi la yeyote aliyekuwapo.

Waliokwenda msibani walikuwa wameanza kurudi katibu alipokuja kukagua. Alichukua kaptula ya juu, akavuta mshono huku na huku, ukakataa kuachia. Nilimtazama usoni. Nilisema moyoni: sasa ameona.

Akainyanyua ile kaptula juu, wote waione.

"Mmeona, ndugu zangu? Tatizo halikuwa cherehani. Tatizo lilikuwa moyo! Leo dada huyu ameamua kujituma."

Wakanipigia makofi. Nilikuwa nimebana pini mdomoni, nikashindwa kusema, na machozi ya hasira yaliponitoka wakadhani ni furaha. Yule mama wa Kinyakyusa alinikumbatia.

Kesho yake nilikuta mwingine dirishani, na kibao kimeng'olewa. Nilikaa mlangoni. Msimu ulipoisha, katibu alisema mbele ya wote kwamba inasikitisha, dada ameonyesha anaweza ila hataki, nikapelekwa kwenye vifungo. Kibao sikukiona tena, nadhani kiliingia jikoni. Nilishona vifungo vya watoto wa watu mpaka vidole vikaota sugu, na usiponiuliza sitakueleza jinsi nilivyotoka pale nikafika kwenye kompyuta, maana ni hadithi nyingine na haina katibu ndani yake.

Huyu kijana wa kitengo anasema nimeufunga uzi, na analitamka neno hilo kana kwamba nimeutia gerezani. Nilikwishapewa vifungo mimi, nakijua kifungo. Uzi ule nimeuwekea kibao tu.

Tulipoiendesha programu mara ya mwisho na mstari wangu ukiwamo, kazi iliisha upesi, naye akaandika kwamba anaona siku hizi mitambo imechangamka. Leo ameuliza tena kama nimeuondoa. Sijauondoa.