Bwana Mpango na Muhuri Wake

Ofisi nzima ilimwita Bwana Mpango, na jina hilo alilipenda. Aliingia idara ya afya akiwa kijana wa kubeba mafaili, akapanda akawa karani, kisha mtunza stoo, na alipofika miaka hamsini na moja alikuwa mratibu wa dharura wa wilaya, mwenye meza yake, kabati lake la chuma, na ufunguo ambao hakumwachia mtu hata akienda msalani. Serikali ilikuwa imeagiza kila wilaya iwe na mpango wa kukabiliana na ugonjwa wa mlipuko utakaokuja, maana ule uliopita uliwakuta watu wamelala usingizi wa pono. Wilayani kwake, yeye ndiye aliyeuandika mpango huo na yeye ndiye aliyeutunza.

Na tuseme kweli, aliuandika vizuri. Kurasa tisini na mbili. Mlikuwa na shule zitakazogeuzwa wodi, lori la kubeba mitungi ya oksijeni, mwenye ufunguo wa stoo, hata mtu wa kupita mitaani na kipaza sauti. Kiambatisho cha tatu kilikuwa orodha ya watu arobaini na watatu wa kupigiwa simu saa ya kwanza kabisa: wauguzi, madereva, watu wa maabara, fundi wa jenereta. Bila hao, kurasa nyingine zote ni karatasi za kufungia karanga.

Kwa hiyo sheria ilisema kila Januari mratibu ampigie mmoja mmoja, ahakikishe yupo na namba ni yake, ndipo agonge muhuri wa IMEHAKIKIWA na kutia sahihi. Januari ya kwanza Bwana Mpango alisema atapiga wiki ijayo. Wiki ikaja na mambo yake, wizara ikaulizia mpango, naye akagonga muhuri. Wilaya yake ikawa ya kwanza kuwasilisha nchi nzima, ikaletwa barua ya pongezi, akaitia fremu. Mtu akishapongezwa kwa uongo, ukweli humwia mzito kama gunia la chumvi. Januari ya pili alibadilisha mwaka kwenye jalada, na rangi yake pia, kutoka bluu kwenda kijani. Ya tatu ikawa njano. Ya nne akarudia bluu. Muhuri ukagongwa mara nne, simu haikupigwa hata moja.

Orodha yenyewe wala hakuitunga. Alibandua tu karatasi iliyokuwa imebandikwa ukutani mwa stoo wakati wa ugonjwa, ile yenye alama za gundi kwenye pembe. Alimpa mpiga chapa, mpiga chapa akapiga, mambo yakaisha.

Mwaka wa tano tangu ugonjwa uishe, wizara ilimtuma mkaguzi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya kutembelea, asiyetaka soda wala maneno mengi. Alikaa ukumbini na Daktari Mkuu wa wilaya, wakuu wa vitengo na Bwana Mpango aliyevaa tai, akaupindua mpango taratibu.

"Umeandikwa vizuri sana," akasema.

"Tunajitahidi, mheshimiwa," Bwana Mpango akajibu, na mabega yakamwinuka.

"Basi tuseme sasa hivi, saa nne asubuhi, mgonjwa wa kwanza ameonekana. Nipigieni hawa watu. Nachagua mwenyewe. Wekeni spika, tusikie wote."

Katibu muhtasi akaibonyeza simu ya mezani. Namba ya kwanza haikupatikana. Ya pili ilipokelewa na mzee mmoja huku nyuma yake kuku wakipiga kelele. Alisema yeye alikuwa dereva kweli, lakini amestaafu na macho hayaoni vizuri, ila kama wanataka trei za mayai anaweza kuleta. Ukumbi ukacheka. Bwana Mpango naye akacheka, jasho likimtiririka mgongoni.

"Ukurasa wa sabini na moja, mstari wa nne," mkaguzi akasema. "Muuguzi wa zamu, zahanati ya chini." Akasoma namba.

Simu iliita kwa muda mrefu.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima. "Hii ni simu ya binti yangu. Nani mwenzangu?"

"Tunapiga kutoka ofisi ya afya," katibu muhtasi akasema. "Tunamhitaji kazini."

Yule mama akasema, polepole, kama anayemweleza mtoto, "Ofisi ya afya? Jamani, si ninyi mlikuja kumzika?"

Hakuna aliyecheka. Kila aliyekuwa pale aliijua zahanati ya chini, na alijua ni nani aliyekufa huko katika wiki ya kumi ya ugonjwa. Wagonjwa walimwita Sista Haraka, kwa mwendo wake. Alikuwa akimpigia Bwana Mpango alfajiri, enzi zile za stoo: "Kaka, glavu zimeisha, nakuja na gunia langu, usiniambie habari za fomu." Na Bwana Mpango alikuwa mmoja wa watu wanane walioruhusiwa kusimama mbali, na barakoa zao, siku ya kumfukia. Miezi michache baadaye akalipeleka jina lake kwa mpiga chapa.

Daktari Mkuu aliinua mkono wa simu haraka, akazima spika, akaongea kwa sauti ya chini na kuomba radhi. Alipoiweka chini alimtazama Bwana Mpango, kisha mkaguzi. Alikuwa mama mwenye huruma, na huruma nayo wakati mwingine hufanya kazi ya fundi rangi.

"Mheshimiwa, hili niachie mimi," akasema. "Huyu bwana na yule dada walikuwa kama ndugu. Namfahamu. Alishindwa kumfuta."

Ukumbi mzima ukamgeukia Bwana Mpango. Hapo ndipo alipopaswa kufungua mdomo. Maneno yalikuwa mepesi, hata mtoto angeyasema: hapana Daktari, sikumpigia yeye wala mwingine yeyote. Badala yake aliinamisha kichwa. Na kichwa kilichoinama kwa aibu, ukikitazama kwa mbali, hakina tofauti na kilichoinama kwa majonzi. Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akaandika kwenye daftari lake, bila kupiga nyingine, kwamba namba tatu zirekebishwe, zilizobaki ziko sawa. Funika kombe mwanaharamu apite. Wakati wa kutoka watu walimgonga bega mmoja mmoja, na mhasibu, ambaye hajawahi kumsalimia, alimwambia pole.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la pili, aliyezoea watoto wanaodanganya huku wakimkodolea macho. Alimsubiri mezani.

"Nimesikia ulishindwa kumfuta marehemu kwa uchungu," akasema.

"Ndivyo wanavyosema."

"Wewe? Wewe uliyempa pole kaka yangu kwa msiba wa shangazi, na shangazi mwenyewe amekaa kushoto kwako anakunywa chai?"

Siku nyingine wangecheka mpaka machozi. Siku hiyo Bwana Mpango alisukuma sahani pembeni, akamweleza yote, Januari kwa Januari. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, alimuuliza jambo moja tu: "Na wale arobaini waliobaki?" Bwana Mpango alilala akiwa ameelekea ukutani.

Kesho yake Daktari Mkuu alimwita ofisini, uso umechangamka. Alikuwa amempigia tena mama wa Sista Haraka, akamweleza kwa nini jina la binti yake bado limo. "Alilia, lakini kilio kizuri," akasema. "Anataka kukuona. Anataka akushukuru mwenyewe. Nenda Jumamosi."

Kuna adhabu ambazo hakimu hawezi kuzitunga. Siku tatu zile Bwana Mpango alikunja mpango na kuukunjua. Alijiambia mama wa watu amepata faraja, ni ukatili kumnyang'anya. Alijiambia mkaguzi ameshaondoka. Alijiambia pia kwamba akisema ukweli atavuliwa uratibu, na hapo angalau hakujidanganya, kwa sababu hicho ndicho kilichokuwa kikimtetemesha. Lakini kila alipofika mwisho wa hesabu zake swali la mkewe lilikuwa palepale. Ugonjwa ukibisha hodi kesho, watapigiwa watu arobaini ambao hakuna ajuaye kama wapo, na watu watakufa wakisubiri simu ipokelewe.

Jumamosi mchana aliingia kwenye nyumba ya vyumba viwili, nadhifu, sakafu bado ina unyevu wa kudekiwa. Mama alikuwa mwembamba na mwepesi wa mwendo. Bwana Mpango aligundua haraka ya binti ilitoka wapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kaa hapo penye mto." Akamtazama kwa muda. "Kumbe ndiye wewe. Alikuwa akikusema sana. Anasema, yule kaka wa stoo ana fomu nyingi kuliko dawa."

Bwana Mpango alijaribu kutabasamu.

"Simu yake naichaji kila siku," mama akaendelea. "Wanangu wengine wananiambia, mama, iache hiyo. Siwezi. Wanaopiga ni watu wa matangazo tu, nimeshinda gari mara sita. Juzijuzi ilipolia wakasema ofisi ya afya, nilikasirika, nisikufiche. Nilisema hawa watu hata hawajui kama amekufa. Halafu Daktari akanieleza. Usiku ule nililala usingizi mmoja mpaka asubuhi. Ahsante, baba. Nilidhani huko ofisini wameshamsahau wote."

Angeweza kuondoka pale na chai tumboni na baraka kichwani. Tuseme ukweli, alifikiria hivyo, tena kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

"Mama," akasema, na sauti ikatoka kama si yake. "Daktari hakujua. Si kweli."

"Si kweli nini?"

"Kwamba nilishindwa kumfuta. Sikushindwa. Sikuwa nimeisoma ile orodha. Natakiwa kila mwaka niwapigie watu wote, nami sikumpigia hata mmoja. Nilibadilisha mwaka kwenye jalada nikagonga muhuri. Ingekuwa nimeisoma mara moja tu, ningemwona."

Nje mtu alikuwa akipiga nyundo bati, akaacha, akaanza tena.

"Kwa hiyo hukumkumbuka," akasema.

"Sikumkumbuka, mama."

"Ulikuwepo tulipomzika."

"Nilikuwepo."

Bwana Mpango alitamani amtukane. Matusi yana mwisho, mtu huyapokea akaenda zake. Mama hakumtukana. Alinyoosha mkono. "Nionyeshe hiyo orodha."

Bwana Mpango aliutoa mpango kwenye mkoba, akaanza kupindua kurasa. Akapita shule, akapita malori, akarudi nyuma, akapita tena mitungi ya oksijeni. Aliuandika mwenyewe mpango ule, na hata mkaguzi aliutaja ukurasa mbele yake, lakini sasa vidole vilikuwa vinatafuta kama vya mgeni. Mama alivaa miwani, akaupokea, akashuka na kidole mstari kwa mstari, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akamkuta binti yake.

"Huyu hapa," akasema. "Mimi nimemwona, na macho yangu haya mabovu." Akampa kalamu. "Mfute."

Bwana Mpango alipitisha mstari juu ya jina. Mstari ukaenda upogo, akaona haya hata kwa hilo.

"Jumatatu utamwambia Daktari mwenyewe. Mimi sitakusemea."

"Nitamwambia."

"Na hawa wengine?" Kidole kilikuwa bado juu ya karatasi. "Mwanangu alikufa kwa sababu alipougua alikuwa akimpigia mtu wa kumsaidia na huyo mtu hapokei, anapigia mwingine hayupo. Siku mbili nzima. Hawa wako hai?"

"Sijui, mama."

"Wana kazi zao bado?"

"Sijui."

Mama akavua miwani, akaikunja. "Basi piga. Una simu. Piga hapahapa, nikusikie."

Bwana Mpango alitoa simu yake. Alianza na mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza wa orodha, fundi wa jenereta. Aliomba Mungu isipokelewe. Ikapokelewa mara moja, na mtu wa upande wa pili, aliposikia ni ofisi ya afya, akashtuka, sauti ikapanda.

"Kuna nini, mkuu? Ugonjwa umerudi?"

Bwana Mpango alimtazama mama. Mama hakuyaondoa macho usoni pake.

"Haujarudi, ndugu yangu," akasema. "Nilitakiwa nikupigie miaka minne iliyopita."