Nani Alikunywa Mpakani Kwenu

Ilianza Jumamosi, saa tatu na nusu ya asubuhi, juu ya mawe ambayo bado yalipasha joto kandambili zetu. Volkano ilikuwa imepita Murara, mtaa wetu, wiki sita nyuma, na parseli yetu, kiwanja chenye nyumba, ilibaki mahali fulani huko chini ya lava. Siku hiyo watu wa pande tatu walikutana kupanga ardhi upya: sisi wa mtaa, wakulima wa juu wanaoshusha kabichi, na wafugaji wa Masisi wanaoleta maziwa. Walitaka njia moja pana juu ya lava, na kila familia ipimiwe tena kiwanja chake pembeni. Waasi walioshika mji hawakujali, basi watu wakapatana wenyewe. Kila mtu alisema ni jambo jema. Mimi niliandika hivyo.

Shefu wa mtaa alikuwa amenikalisha kwenye kiti cha plastiki niandike PV, ile karatasi ya mkutano. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mwaka wa nne sekondari, na mwandiko mzuri. Kazi ilinifaa. Mwenye kuandika haulizwi kitu.

Miti ya mipaka ilikuwa imeungua na hati pia. Zikabaki desturi. Kwetu mtu akinunua kiwanja analeta kasiksi, pombe ya ndizi, majirani wanainywa wakiwa wamesimama mpakani, na waliokunywa ndio mashahidi. Kwa hiyo kila familia iliulizwa, "Nani alikunywa kwenu?" Isiyo na shahidi, njia ingepita kwake.

"Miye!" mzee mmoja alijibu kwa ajili ya familia ya kwanza. "Nilikunywa hata nikalala palepale."

"Muzee, basi weye ndiye jiwe lao la mpaka!"

Watu walicheka sana. Nami nilicheka.

Halafu wakamwita mama.

Papa alikuwa ameokoka. Aliponunua kiwanja, mimi nikiwa na miaka kumi na moja, alikataa kasiksi, akaleta kreti ya Fanta. Wazee waliitazama ile kreti wakaenda zao. Walikunywa wanakwaya wa kanisa letu, na jirani mmoja tu, wa ukuta kwa ukuta. Baadaye vita vikatawanya kwaya. Papa naye alipanda Masisi kuangalia ng'ombe wetu na hakurudi.

"Mama, nani alikunywa kwenu?"

"Ilikuwa Fanta," mama alisema polepole, akamwonyesha jirani yule. "Papa huyu alikunywa."

Jirani alikuwa amesimama mbele. Alijua, kama sisi sote, kwamba njia isipopita kwetu ingepita kwake.

"Fanta? Fanta ni ya batoto, mama. Miye sikunywa kitu kwenu."

"Mama wa Masisi," sauti ikatoka nyuma, "kule kwenu milima iko mingi!"

Wafugaji, wanaosema Kinyarwanda kama sisi, waliangalia fimbo zao. Nao waliitaka njia.

Siku ile ya kreti jirani alikunywa mbili. Mimi ndiye niliyezifungua. Ya kwanza ilipoisha aliinua kidole kuomba nyingine, na aliponirudishia chupa alisema, "Asante, binti." Mama alinitazama. Hakuniita, alinitazama tu. Nikainamisha kichwa nikaandika: Familia hii haina shahidi. Njia itapita hapo. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, nikaweka na nukta.

Wakapiga makofi. Wa juu na wa chini wakashikana mikono.

Jioni, chini ya shitingi, turubai la msaada tulilolalia, mama alikuwa akichagua maharage.

"Uliandika vizuri?"

"Ndiyo, mama."

"Ni vizuri."

Laiti angenipiga.

Baadaye nilisikia mapatano yale yakisifiwa hata kanisani, na sikatai, maziwa yalianza kufika mapema na kabichi hazikuoza tena njiani. Ila umoja wao ulihitaji mahali pa kukanyaga, na ulichagua palipokuwa kimya. Kimya kile kilikuwa changu, hakikuwa cha mama.

Asubuhi iliyofuata mkutano ule, Jumapili, nilinakili PV safi juu ya goti langu. Baada ya maneno kuhusu familia yetu niliongeza: Mwandishi wa karatasi hii alimpa jirani chupa mbili za Fanta mpakani, naye alizinywa zote. Nikatia saini. Nilivuka lava, mawe yaliyopakwa chokaa yalikuwa yamekwisha pangwa mstari juu ya nyumba yetu. Kwa shefu nilimkuta jirani anakunywa chai.

"Binti, weka hapo," shefu alisema. "Nitaisoma nikitoka kanisani."

Sikuiweka. Niliisoma yote nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye Fanta nikarudia mara mbili.